Gari Linakuja

Taa zote za ruta zilikuwa zinawaka, ila hakuna hata moja iliyokuwa inapepesa. Mtu asiyejua angepita na kusema mambo ni shwari. Lakini Jiwe alikuwa msichana fundi wa mitandao, na fundi anajua kwamba ruta iliyo hai, ikigawa mtandao, haitulii hata kidogo. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akaziangalia zile taa za kijani zilizokodoa kama macho ya samaki wa sokoni, na chai ikamshinda kunywa.

"Imekwama tena?" aliuliza.

"Usiniulize mimi, iulize yenyewe," kaka yake alijibu bila kugeuka. "Nimeizima, nimeiwasha, nimeizima, nimeiwasha. Kidole kimeota sugu."

Chumba chao kilikuwa juu ya gereji, meza nne na dirisha moja, na chini yake yalilala magari matatu ya wagonjwa. Yalikuwa ya Mama Mkubwa, dada wa mama yao, aliyekuwa muuguzi maisha yake yote na alipostaafu akaona kukaa kitako ni kujitafutia maradhi. Namba ya kituo ilikuwa imechorwa kwenye kuta za mji mzima. Mtu akizidiwa, unapiga. Kaka anapokea, anauliza uko wapi, gari linaondoka. Simu zote zilipitia kwenye ile ruta. Ikikwama, mtu huko nje anapiga na hajibiwi, na kaka alikuwa na sababu yake ya kulichukia jambo hilo kuliko wote: mkewe alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, na namba aliyoambiwa apige uchungu ukianza ilikuwa hiyohiyo.

Wanaosema majini hungoja giza hawajawahi kufanya kazi ofisini. Huyu aliingia asubuhi kweupe, jua limewaka, wakati wa chai.

Jiwe alilifuata tatizo kama alivyofundishwa. Alizima kompyuta zote, akaiwasha ruta peke yake. Taa zikapepesa vizuri. Akawasha kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ruta ikaendelea na kazi bila neno. Akawasha ya meza ya pembeni, na hapohapo taa zikaganda.

"Nimekupata, mwizi wewe," alisema, na moyo ukamtulia.

Kosa lilieleweka. Kompyuta ile haikuwa na kadi ya kupokea mtandao wa hewani, na Jiwe alikuwa ameipachika kadi ya mtumba aliyoinunua kwa muuza vifaa vilivyotumika. Kadi yenyewe ilikuwa nzee, na ruta ilikuwa mpya. Kadi inasema lugha ya zamani, ruta inajitahidi kuielewa, inashindwa, inazubaa. Mambo ya kawaida. Mafundi wanakutana nayo kila siku. Dawa yake ni kuiambia ruta ikubali na lugha ya zamani pia, basi. Jiwe akaketi, akafungua mipangilio, akafanya hivyo.

Lakini kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia hewani alikuta kimoja kisicho na jina. Kompyuta nne zilikuwepo, zote kwa majina yake. Hiki kilikuwa cha tano.

Sasa hapa ndipo ufundi ulipomponza. Mtu mwingine angekifuta. Fundi hafuti asichokijua, anakiwekea alama ili akichunguze baadaye, na Jiwe alikuwa na kiburi cha kusema kwamba kwenye mtandao wake hakuna kitu kinachotembea bila jina. Akaandika: Mgeni. Kisha, ili kisihangaike kuomba nafasi kila mara na kuikwamisha ruta, akakipa nafasi yake ya kudumu. Akabonyeza kuhifadhi.

Taa zikaanza kupepesa. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita chumbani, ikaenda zake.

"Umeunguza nini?" kaka aliuliza.

"Sijaunguza kitu. Labda ni vumbi ndani ya kompyuta."

Siku hiyo ruta haikukwama tena, na ya pili yake ilikuwa shwari hivyohivyo. Simu zilikuwa chache, ikawa raha. Kaka akapata hata nafasi ya kusinzia.

Siku ya tatu, ngazi zilipigwa kishindo na mwanamume mmoja akaingia, shati limemganda mgongoni kwa jasho, kiatu cha kulia si ndugu wa kiatu cha kushoto.

"Nani hapa anapokea simu?"

"Ni mimi, ndugu yangu. Karibu," kaka alisema.

"Usiniite ndugu yako. Baba yangu ameanguka bafuni leo asubuhi. Nimepiga. Ukaniambia tulia, gari linakuja. Nikatulia. Nikapiga tena, ukaniambia gari linakuja. Majirani walitaka kumbeba, nikawakataza! Nikawaambia subirini, gari linakuja." "Tumempeleka juu ya mlango tuliong'oa chumbani. Daktari ananiuliza, mlikuwa mnangoja nini? Nimjibu nini mimi?"

"Sikupokea simu yako," kaka alisema. "Naapa. Asubuhi hii simu haijaita hata mara moja."

"Sauti ni hiyohiyo. Mzee akifa nitarudi, na sitarudi peke yangu."

Akaondoka. Jiwe ndiye aliyesogea kwenye kompyuta inayohifadhi mazungumzo, akatafuta simu za asubuhi ile, akazikuta. Hazikuwa moja wala mbili. Akacheza ya kwanza. Ikatoka sauti ya mwanamume akilia na kueleza nyumba ilipo, kisha ikatoka sauti ya kaka, na namna yake ileile ya kulivuta neno kama anambembeleza mtoto: "Tuliaaa. Gari linakuja."

"Si mimi," kaka alinong'ona. "Jiwe, mdogo wangu, unanijua. Si mimi."

"Najua si wewe."

Alijua kwa sababu alisikia kitu ambacho kaka kwa hofu yake hakukisikia: yule aliyekuwa akisema hakuvuta pumzi, si kabla ya neno wala baada yake, na nyuma yake hakukuwa na mlio wa feni wala kelele za gereji, kimya tu, kimya kinene kama cha ndani ya mtungi, halafu mwishoni kabisa mwa mazungumzo, mpigaji alipokwisha kukata simu kwa matumaini, kilisikika kitu kikimeza.

Jiwe akasimama. Jina lile alipewa na Mama Mkubwa mwenyewe, siku aliyomchoma sindano akiwa mtoto na asitoe chozi, na hakuwa tayari kulivua leo mbele ya kipande cha plastiki. Akazima kompyuta ya pembeni, akaifungua ubavu, akaichomoa ile kadi na kuitupa juu ya meza. Ilikuwa ya moto.

Akarudi kwenye orodha. Kompyuta tatu. Na chini yake: Mgeni.

"Kadi hii hapa," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtoka ndogo. "Ipo mezani. Anaingiaje?"

Akaifuata ruta, akaushika waya wake wa umeme, akauvuta ukutani, na taa hazikuzima. Akauchomoa upande wa pili pia, akabaki na waya mzima mkononi unaoning'inia kama nyoka aliyeuawa, na zile taa bado zinamkodolea, kijani, bila kupepesa, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka chini ya meza ya pembeni ikajaa chumba chote, mpaka kaka akaziba pua kwa kiwiko, mpaka kiti cha meza ile, ambacho hakuna aliyekigusa, kikageuka taratibu kwa magurudumu yake kikawatazama.

"Karibuni," ilisema spika ya kompyuta iliyozimwa, kwa sauti ya kaka. Kaka mwenyewe alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu zake zote.

Mama Mkubwa aliwakuta hivyo. Alikuwa amepishana na yule mwanamume njiani na alikuwa amekuja kutaka maelezo, kibandiko cha jina la uuguzi bado kifuani ingawa hakuna aliyemlazimisha kukivaa. Alisimama, akanusa, akakitazama kiti, akautazama waya mkononi mwa Jiwe.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mgeni," sauti ilijibu. "Binti yako alinipa jina. Akanipa na mahali pa kudumu. Sikuvunja mlango wa mtu. Na aliyekaribishwa hafukuzwi."

"Unataka nini?"

"Nimeshapata. Wenzangu wengine wanakula damu, wengine wanakula nyama. Mimi nakula kungoja." Kiti kililia magurudumu, kama mtu anayejinyoosha baada ya mlo. "Hakuna kitu kitamu kama mtu anayengoja huku anaamini. Yule wa asubuhi alikuwa mtamu. Alikuwa anatoka nje kila mara kutazama barabara."

Kaka alimshika Mama Mkubwa mkono, akamvuta mpaka kwenye ngazi. "Tufunge," alinong'ona. "Tufunge leo, tukamtafute mganga. Mama, tafadhali."

"Tukifunga, watu wataacha kuugua?"

"Hapana."

"Wataacha kupiga?"

Jibu walikuwa nalo wote. Namba ilikuwa kwenye kuta za mji mzima. Watapiga, na yule wa ndani atapokea.

"Mimi nimeweka kila nilichokuwa nacho kwenye magari haya," Mama Mkubwa alisema. "Nimeona watu wakifa kwa kungoja miaka yote niliyofanya kazi. Leo aje mpuuzi mmoja asiye na miguu afanye kungoja kuwa chakula? Kwenye meza yangu?" Akamgeukia Jiwe, aliyekuwa amewafuata. "Huyu ana siku ngapi hapa?"

"Leo ya tatu."

"Basi si mgeni tena. Siku ya tatu anapewa jembe."

Jiwe akamtazama, asielewe. Kisha akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akataka kucheka.

"Yeye anasema gari linakuja," alisema polepole.

"Ndiyo. Basi na lije."

Kazi ilifanywa haraka, bila maneno mengi. Laini ya simu iliingia ndani kwa waya kabla ya kuifikia ruta. Jiwe alitoa kabatini simu ya mezani ya zamani, ile ya mkonga, akaiunga kwenye waya huo kule chini gerejini, akafungua kifuniko cha mdomoni na kupaziba kwa pamba ili wasikie bila kusikika. Magari yote matatu yakatolewa, yakatawanywa mjini, injini zikiwaka. Madereva walikuwa na redio zao za mkononi, hazihusiani na ruta wala intaneti. Mkubwa wao, mzee aliyeitwa Babu Breki kwa sababu hakuwahi kuzitumia, aliambiwa ukweli wote.

"Jini?" alisema redioni. "Mama, nilidhani ni jambo kubwa. Mimi nimewahi kuendesha gari la bwana harusi aliyechelewa."

Simu ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyebanwa na kifua. Akasema alipo, karibu na shule, nyumba yenye geti jeusi. Juu yao, ile sauti ikavuta neno lake: "Tuliaaa, bibi. Gari linakuja." Kaka alikuwa amekwisha kunong'ona kwenye redio. Bibi alikuwa bado anashukuru wakati king'ora kilipolia mlangoni kwake.

Ghorofani kitu kizito kilianguka. Hakuna aliyepanda kuangalia.

Simu ya pili, kaka aliusikiliza mkonga kwa muda mfupi tu kisha uso ukamwisha rangi. Jiwe aliweka sikio lake karibu. Ilikuwa sauti ya wifi yake.

"Mume wangu, yameanza," wifi alisema. Alikuwa anahema. "Maji yamekwisha kutoka."

"Tuliaaa, mke wangu. Gari linakuja."

Kaka alifungua mdomo, na Jiwe akamziba kwa kiganja, akamgandamiza ukutani kwa uzito wake wote, kwa sababu asubuhi hiyo mke alikuwa ametoka nyumbani na hakuna aliyejua amekwenda wapi, na kama yule wa juu angejua wanamsikiliza angekata laini, na mwanamke angebaki mahali fulani katika mji ule mkubwa, peke yake, akiitazama barabara na kuamini. Machozi ya kaka yalimlowesha Jiwe vidole. Mkongani sauti yake mwenyewe iliendelea kumbembeleza mkewe kwa maneno matamu, maneno laini, maneno ambayo kaka, mtu wa watu, hakuwahi kuyasema hata siku ya posa, pumzika mpenzi, funga macho, usimwite mtu yeyote, usisumbue watu, wewe ngoja tu, mimi nipo, ngoja tu.

"Wewe," wifi akasema.

"Naam, mpenzi."

"Tangu lini wewe ukaniita mpenzi? Mtoto anatoka, unanisomea mashairi! Na mbona huniulizi niko wapi? Siku nzima unauliza watu wako wapi, watu hata huwajui, mimi mkeo huniulizi?"

"Tuliaaa," sauti ikasema.

"Nakuuliza wewe! Nitajifungua hapa kwa fundi cherehani, nyuma ya kituo cha mafuta cha barabara ya uwanja wa mpira, juu ya vitambaa vya watu, halafu nitakuja kukutafuta huko ofisini kwako mimi mwenyewe na mtoto mgongoni! Umenisikia?"

Babu Breki alikuwa amesikia. Redio ilikuwa wazi mkononi mwa Mama Mkubwa, sentimita chache tu kutoka kwenye mkonga, na kutoka ndani yake ukaja mlio wa gia na sauti ya mzee ikisema kwa raha, "Uwanja wa mpira nauona kwa macho."

"Gari linakuja," yule wa juu alirudia, lakini neno halikunyooka.

"Ah, hilo hapo," wifi akasema. "Nasikia king'ora. Angalau kwa hilo umefanya la maana."

"Gari gani?" iliuliza sauti.

Wifi alikwisha kukata simu.

Walipanda ngazi wote watatu, Mama Mkubwa mbele. Chumba kilikuwa kama kimepigwa na upepo wa ndani. Makaratasi sakafuni, kabati limelala kifudifudi, dirisha limejaa mvuke wa pumzi upande wa ndani ingawa hakuna aliyekuwepo. Harufu ya kuungua ilikuwa imegeuka kuwa ya njaa, ile ya mdomo wa mtu asiyekula siku nyingi. Kiti cha pembeni kilikuwa kimejibana ukutani.

"Mmenidanganya," sauti ilisema. Haikuwa tena ya kaka. Ilikuwa nyembamba, imekauka.

"Nani kadanganya?" Mama Mkubwa aliuliza. "Umesema gari linakuja, limekuja. Wewe si mwongo tena. Umekuwa mfanyakazi wangu, na kwa kweli unapokea simu haraka."

"Sijala."

"Wala hutakula hapa. Kila utakapomwambia mtu angoje, gari litakuwa mlangoni kwake hajamaliza kufunga mdomo. Leo, kesho, mwakani. Nina magari matatu, nina madereva vichaa. Karibu kazini."

Kiti kilitetemeka mpaka magurudumu yakagonga sakafu. Halafu, kwa adabu, kama mgeni yeyote aliyeona mambo yamemgeukia, sauti ikasema:

"Naomba ruhusa niende zangu. Nifuteni. Mtu aliyeniandika anifute."

Jiwe alikuwa amekwisha kuketi. Orodha ilikuwa mbele yake, jina lile mwisho kabisa, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kaka alikuwa nyuma yake, redio sikioni, akisikiliza habari kutoka kwa Babu Breki, akilia na kucheka kwa wakati mmoja na kusema, "Wa kike? Wa kike?" Jiwe alitaka kubonyeza. Alitaka sana. Lakini alimwangalia kwanza Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa anakumbuka mwanamume mwenye viatu visivyofanana. Ilionekana usoni mwake. Akavuta kiti, akaketi mkabala na meza ya pembeni, akakunja mikono kifuani.

"Kwetu hakuna anayeondoka katikati ya zamu," alisema. "Maliza kwanza."

Simu ikaita. Hakuna mtu aliyenyoosha mkono. Ikaita tena, na tena, na taa za ruta zikaanza kupepesa, moja baada ya nyingine, kwa kasi, kama kitu kinachotetemeka, mpaka hatimaye ile laini ikafunguka yenyewe.

"Kituo cha magari ya wagonjwa," sauti ikasema, chini kabisa. "Uko wapi?"